Bwana Rudia na Matone Mawili

Hospitalini walimwita Bwana Rudia, na hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeanza. Wengi waliwasingizia manesi wa wodi ya watoto wachanga, kwa kuwa wao ndio waliolisikia neno hilo kuliko wengine. Nesi akipiga simu maabara kuulizia majibu, mtu wa upande wa pili hujibu kwa sauti ya chini isiyotaka ugomvi: "Damu imeganda. Rudia." Au: "Kichupa hakina namba. Rudia." Au: "Imekaa sana. Rudia." Kisha simu inakatwa, taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Hakuwa mkali. Mtu mkali unaweza kumbembeleza akapoa. Huyu alikuwa amepoa tangu asubuhi, na aliyekwisha poa hapoozwi.

Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, ishirini na saba kati ya hiyo aliimaliza katika chumba kimoja. Maabara ilikuwa chini kabisa, mwisho wa ujia, ukishapita stoo ya mashuka. Dirisha lake lilipakwa rangi nyeupe nusu ya chini ili wapitao wasichungulie, hivyo kutoka kwenye kiti chake aliona vichwa vya watu tu vikipita, bila miili. Palikuwa na meza ndefu ya vigae, mashine ya kuzungusha damu ambayo kifuniko chake kilishikiliwa na plasta ya vidonda, na jokofu lililoandikwa kwa herufi kubwa SI LA CHAKULA, kwa sababu kuna mwaka mtu aliweka humo mkate.

Nyumbani alikuwa mtu yule yule. Mkewe, mwalimu wa chekechea, mwanamke mcheshi mwenye sauti iliyozoea kushindana na watoto arobaini, alikuwa na kisa kimoja alichokisimulia kila wageni wakijaa sebuleni. Alisema siku alipoposwa, alimjibu huyu bwana, "Ndiyo, nimekubali." Naye bwana akasema, "Hebu rudia." Wageni walicheka kila mara, hata waliokwisha kukisikia. Mwenyewe hakucheka wala hakukasirika. Alisema pikipiki ilikuwa ikipita, hakusikia vizuri.

Lakini tabia ile ilikuwa na chanzo chake, na chanzo hicho mkewe hakuwasimulia wageni.

Mwaka wake wa tatu kazini, siku moja alibaki peke yake, foleni ya wagonjwa wa nje imefika hadi stoo ya mashuka. Asubuhi ililetwa damu ya mtoto mchanga kupimwa sukari. Aliiweka pembeni ili aishughulikie akipata nafasi, na nafasi aliipata saa tatu baadaye. Jibu likatoka dogo mno. Akaliandika, akalipeleka. Jambo ambalo alilisoma chuoni na halikuwa limemkaa kichwani ni hili: chembe za damu zikiwa ndani ya kichupa bado zi hai, na kilicho hai hula. Zinaila sukari iliyomo humo humo mpaka iishe, na za mtoto mchanga ni nyingi zaidi, zinaila upesi zaidi. Kikulacho ki nguoni mwako. Mtoto yule alikuwa mzima, ananyonya vizuri. Kwa sababu ya namba ile alitengwa na mama yake siku mbili, akatundikiwa dripu, dripu ikavujia chini ya ngozi ya kiganja ikamwachia kidonda. Mama yake alikaa kwenye benchi la ujiani, matiti yamejaa, nguo imelowa kifuani.

Hakuna aliyemlaumu. Aligundua mwenyewe siku ya tatu, alipolinganisha saa ya kupokea na saa ya kupima kwenye daftari. Akaenda kumwambia mkubwa wake, naye akamjibu bila kuinua macho, "Mambo kama hayo hutokea, kijana." Kijana hakuridhika. Aliandika barua hadi vikaletwa vichupa vya kizibo cha kijivu, vile vyenye dawa ya kuzuia chembe zisile sukari. Na tangu siku hiyo, damu yoyote iliyomtia shaka hakuipima kwa matumaini. Aliirudisha. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu aliuona ung'ongo kila siku, katika kila kichupa.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Sista wa wodi ya watoto wachanga, ghorofa ya pili. Mwanamke mnene, mwenye goti bovu, aliyelea wodi ile miaka kumi na mitano. Wawili hawa walifahamiana kwa sauti tu. Walipokutana langoni jioni walisalimiana kama watu wasiodai wala kudaiwa, kila mtu akashika njia yake. Sista hakuwahi kukanyaga maabara, na Bwana Rudia hakuwahi kupanda wodini. Watoto aliwajua kwa namba na kwa rangi ya vizibo.

Sasa, Jumanne moja alasiri akazaliwa mtoto kwa upasuaji, kilo nne na nusu na zaidi kidogo. Mama yake alikuwa mwalimu wa hesabu. Huu ulikuwa uzazi wake wa tatu, na wa kwanza kuwa na matatizo: mwezi wa saba wa mimba alipimwa akakutwa sukari iko juu. Aliambiwa apunguze hiki, ale kile, arudi kliniki kila wiki mbili. Alirudi mara moja, akakosa mbili, kwa sababu shule ilikuwa kwenye mitihani na yeye mwenyewe hakuhisi kuumwa popote. Mtoto alipotoka, mama mkwe wake alipiga vigelegele ujiani. "Huyu hakuzaliwa," alisema, "huyu amehamia!"

Sista hakupiga kigelegele. Mtoto mkubwa wa mama mwenye sukari alimtia wasiwasi kuliko mdogo anayelia. Alimweleza bibi huyo jambo hilo kwa namna aliyowaeleza bibi wote.

"Mama, huyu tumboni alikuwa analetewa sukari nyingi kupitia kitovu. Mwili wake ukaajiri vibarua wengi wa kuipakua. Sasa kitovu kimekatwa, malori yamekoma kuja. Lakini vibarua hawajaambiwa. Bado wanabeba, wanabeba hadi akiba ya ghalani."

"Mbona amenona?" bibi aliuliza.

"Kunona si kushiba, mama."

Na kweli, saa moja baada ya kuzaliwa walimtoboa kisigino, sukari ikawa moja nukta tatu, nusu ya inayotakiwa. Wakamkamulia maziwa ya mama yake, wakampaka sukari ya jeli ndani ya shavu. Ikapanda kidogo, ikashuka. Wakamtundikia dripu. Jumatano asubuhi ikawa tatu nukta moja, mchana ikapita hapo. Kila mtu akashusha pumzi, na bibi akaenda nyumbani kuoga.

Alhamisi asubuhi Sista alikuwa akipanga sinia la dawa, koleo likaanguka sakafuni. Watoto wengine waliguna wakalala. Yule mkubwa alirusha mikono yote miwili, kisha mikono ikaendelea kutetemeka, vidole vimejikunja. Sista akaenda akamshika mguu kwa upole. Kutetemeka kukaacha. Akamwachia, kukarudi. Akapima sukari: tatu nukta tatu. Akapima tena kwa kisigino cha pili. Ile ile.

Daktari wa wodi, mwanamke kijana aliyekuwa na mwaka wake wa pili pale, alikuja akamtazama, akasema, "Kama si sukari, tuangalie kalsiamu. Watoto wa mama kama huyu sukari huanguka siku ya kwanza, kalsiamu hungoja siku ya pili au ya tatu."

Sista akamtoa damu mwenyewe nyuma ya kiganja. Ilikuwa damu nzito, inatoka kwa kusitasita. Alijaza kwanza kichupa cha kizibo chekundu, kiasi kidogo tu, halafu kile cha zambarau kwa ajili ya kuhesabu chembe. Vikashushwa maabara pamoja.

Bwana Rudia alivipokea saa nne na dakika kumi. Aliandika saa, kama kawaida yake. Akasubiri damu ya kichupa chekundu igande, akaizungusha, akavuta maji ya juu, akapima. Mashine ikatoa moja nukta nne.

Akaikodolea macho namba ile. Mtoto mchanga hutakiwa awe na mbili na kitu. Moja nukta nne ilikuwa chini mno, na katika miaka yake ishirini na saba, namba za chini namna hiyo zilitoka zaidi mahali pamoja: kwenye kizibo cha zambarau. Kichupa hicho kina dawa ya kuzuia damu isigande, na dawa hiyo hufanya kazi yake kwa kuikamata kalsiamu yote iliyomo. Nesi akikosa damu ya kutosha kwenye chekundu, humimina kidogo kutoka kwenye zambarau ili kijae. Kwa macho huwezi kujua. Lakini kalsiamu huwa imekwisha kukamatwa. Mwezi ule pekee alikuwa amekamata vichupa vitatu vya namna hiyo kutoka wodi tofauti. Na hiki hapa: vimekuja pamoja, na chekundu kina damu haba.

Akainua simu.

"Sista, ile kalsiamu imechanganyika. Rudia."

"Nani kachanganya?"

"Sijui nani. Ila imechanganyika na zambarau."

"Nimeitoa mwenyewe, kaka, kwa mikono yangu hii miwili."

"Sisemi ni wewe. Nasema rudia tu."

"Mtoto huyu anatetemeka. Ni ngapi uliyoipata?"

"Siwezi kukupa namba nisiyoiamini. Sista, haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," Sista akajibu.

Bwana Rudia akairudisha simu mahali pake, taratibu. Alikuwa na vichupa kumi na moja vya wagonjwa wa nje vikimsubiri, akavigeukia.

Yaliyotokea juu aliyajua baadaye. Daktari aliposikia damu imekataliwa alisita, na kusita kwake hakukuwa woga wa bure. Kalsiamu ya kwenye mshipa si maji: ukiisukuma haraka, moyo unaweza kusimama, ikivujia nje ya mshipa, inaunguza nyama. Humpi mtoto kwa kubahatisha. Akamwambia Sista atoe damu nyingine. Sista akamfunga mtoto mguu kwa kitambaa cha moto ili mshipa utokeze. Alikuwa bado amekishika kitambaa, macho ya mtoto yakavutwa upande mmoja. Mdomo ukaanza kutafuna bila kitu ndani. Mkono wa kushoto ukaruka, ukaruka. Sista akaukamata, akaushikilia kama alivyofanya asubuhi. Safari hii haukuacha. Mkono uliendelea kuruka ndani ya kiganja chake.

Mama wa mtoto alikuwa ameketi kando, kidonda cha upasuaji kimemlazimu kuinama mbele. Hakupiga kelele. Alihesabu. Mwalimu wa hesabu alihesabu sekunde kwa sauti ya chini mpaka mtoto alipolegea, na daktari alipouliza ilichukua muda gani, akajibu, "Mia na kumi."

Sukari ilikuwa tatu nukta mbili. Daktari akampa mtoto dawa ya kutuliza degedege. Sista akamkabidhi nesi mwingine kile kitambaa, akashuka ngazi.

Bwana Rudia alisikia hatua nzito zisizolingana zikija ujiani, akadhani ni mgonjwa amepotea njia. Mlango ukafunguliwa. Sista alisimama karibu na jokofu, mkono mmoja gotini, anahema.

"Mtoto ameshikwa na degedege."

Bwana Rudia akaiweka chini pipeti aliyokuwa ameishika.

"Sukari yake ni nzuri," Sista akaendelea. "Sasa niambie wewe uliyebaki na damu yake. Nimwambie nini daktari?"

"Ulianza na kichupa kipi?"

"Chekundu. Halafu zambarau."

"Hukumimina? Hata kidogo?"

"Mimi namimina chai, kaka. Damu ya watoto simimini."

Akakitazama kichupa. Kilikuwa bado kwenye kishikio chake, hakukitupa. Hakuwa na desturi ya kutupa kitu kabla ya jioni. Juu ya damu iliyoganda palibaki maji ya manjano, matone mawili, pengine mawili na nusu. Yangetosha kipimo kimoja. Viwili yasingetosha.

Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mashine ya kalsiamu. Kurudia, ndiyo kazi aliyoijua. Kisha ukasimama njiani. Akafikiri: nikipima kalsiamu tena kwa maji yale yale, nitapata moja nukta nne tena, iwe ni kweli au si kweli. Shahidi mmoja ukimuuliza mara mbili atasema yale yale, awe mkweli awe mwongo. Hapa anatakiwa shahidi mwingine.

Na shahidi huyo alikuwepo. Dawa ya kizibo cha zambarau ni chumvi ya potasiamu. Kama tone moja tu la zambarau liliingia humu, potasiamu ingeruka mpaka kiwango ambacho mtu aliye hai hawezi kuwa nacho. Ikikutwa ya kawaida, basi damu ni safi, na kalsiamu ni ya kweli. Hilo alilijua tangu chuoni. Alikuwa amelitumia mara kadhaa, akiwa na muda. Leo hakulitumia, kwa sababu alikuwa na uhakika.

"Ninayo ya kipimo kimoja tu," alisema. "Nikikosea hapa, itabidi umtoboe tena."

"Pima."

Akavuta yale matone polepole, asinyonye hewa, akayapeleka kwenye mashine ya pili. Mashine ile ilichukua kama dakika moja na ushee kutoa jibu. Sista alisoma maandishi ya jokofu. Karatasi ikaanza kutoka, ikakwama kidogo, ikatoka.

"Tano nukta mbili," Bwana Rudia alisema.

"Ni nyingi?"

"Kwa mtoto mchanga ni ya kawaida. Ingekuwa zambarau ingefika kumi, kumi na tano."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kalsiamu ni moja nukta nne. Ya kweli." Aliandika, akatia sahihi, akaandika saa. Akamkabidhi karatasi, na ilipokuwa bado kati ya mikono yao miwili akasema, "Hii potasiamu ningeipima kabla ya kukupigia simu."

"Ungeipima," Sista akasema. Akaondoka kwa mwendo ule ule wa hatua zisizolingana, ila upesi zaidi.

Bwana Rudia akafungua daftari. Kati ya namba ya kwanza na sahihi hii zilipita dakika arobaini na sita. Akaziandika pembeni kwa kalamu nyekundu, ingawa hapakuwa na safu ya jambo hilo. Kisha akamalizia vichupa vilivyokuwa kwenye mashine ya kuzungusha, kwa kuwa na hizo zilikuwa damu za watu. Alipomaliza alivua glavu, akanawa, akapanda ngazi.

Wodini walimvalisha gauni la kitambaa, akanawa tena mpaka viwikoni, akasimama karibu na mlango. Joto la chumba lilimshangaza. Vitanda vilikuwa vidogo, vya plastiki angavu, na ndani yake watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, wengine hawazidi urefu wa mkono wake. Katikati yao yule mkubwa alilala kama mjomba aliyekuja kuwajulia hali akapitiwa na usingizi. Daktari alikuwa ameinama, kipimo cha moyo kifuani mwa mtoto, anahesabu mapigo kwa sauti. Sista alikuwa akisukuma bomba la sindano, polepole kiasi kwamba kidole gumba kilionekana hakisogei. Macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani. Nesi wa pili aliukazia macho mshipa pale sindano ilipoingilia. Ilichukua dakika kumi. Bwana Rudia hakuwahi kuona dakika kumi zikitumika kwa kazi ndogo namna ile.

"Wewe ndiye daktari wa moyo?" mama wa mtoto alimuuliza kutoka kwenye kiti.

"Hapana, mama. Mimi ni wa maabara."

"Nyie ndio mliosema damu imechanganyika."

"Ni mimi."

"Ilikuwa imechanganyika?"

"Hapana. Ilikuwa safi. Mimi ndiye niliyekosea."

Yule mama akamtazama kwa muda, kama anayetazama daftari la mwanafunzi. "Ulikosea hesabu," akauliza, "au ulikosea kudhani?"

"Kudhani."

"Wanafunzi wangu wengi huangukia hapo," alisema, akageuza uso kumwelekea mwanawe.

Sista alipomaliza na kuhakikisha mshipa haukuvimba, alimwona Bwana Rudia mlangoni. Hakushangaa, au kama alishangaa hakuonyesha. Alimwita kwa kidole hadi kwenye kitanda cha pembeni, cha mtoto aliyekaa pale wiki tatu, akaukunjua mguu kutoka kwenye blanketi. Mguu wenyewe ulitoshana na kidole gumba cha mtu mzima. Kisigino kilijaa alama, moja juu ya nyingine, kama subana ya fundi cherehani.

"Hizi ndizo rudia zako," alisema. Hakuwa na hasira. "Nyingine ni za kwangu. Nyingine zilikuwa za lazima."

Bwana Rudia akainama akakitazama kisigino kile kwa makini, kama anavyotazama kioo cha hadubini. Kisha akasema asante, akashuka kazini.

Jioni mkewe alijua kuna jambo kwa sababu alivua viatu akabaki amevishika.

"Baba watoto, kuna nini?"

Akamweleza, kwa maneno machache, bila kujipunguzia. Mkewe alisikiliza hadi mwisho.

"Na mtoto?"

"Kufikia saa tisa alikuwa ameacha kutetemeka."

"Anaitwa nani?"

"Sijui. Najua namba yake."

Mkewe akataka kucheka, akajizuia, akamtoa viatu mkononi akaviweka mahali pake. "Wewe," alisema, "siku moja utanisahau jina mimi, unikumbuke kundi la damu."

Mtoto aliendelea kupewa kalsiamu kwenye dripu siku tatu, na magnesiamu kidogo kwa kuwa nayo ilikuwa chini. Degedege halikurudi. Siku ya tisa alitoka, mama mkwe akiwa amembeba yeye mwenyewe asimwachie mtu. Daktari aliwaeleza wazazi bila kupamba maneno: watoto wengi wa namna hii hukua bila tatizo, lakini huyu amepata degedege, na kabla ya hapo sukari yake ilishuka, kwa hiyo ataangaliwa kliniki hadi miaka miwili. Hakuwaahidi kitu. Kama zile dakika arobaini na sita zilimdhuru au hazikumdhuru, hakuna aliyeweza kusema, na Bwana Rudia hakumuuliza mtu amwambie hazikumdhuru.

Wiki iliyofuata alibandika karatasi maabara, akapeleka nakala wodi zote. Iliandikwa: kalsiamu ya mtoto mchanga ikitoka chini, maabara itapima potasiamu kwanza kabla ya kukataa damu, wodi ipewe namba pale pale, pamoja na shaka, na daktari aamue. Mkubwa wa maabara, ambaye sasa alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi, aliuliza kama neno "shaka" linafaa kwenye tangazo la hospitali. Akajibiwa kwamba ndilo neno lenyewe.

Asidhani mtu kwamba alibadilika akawa laini. Mwezi haukuisha, kalsiamu nyingine ikaja chini kutoka wodi ya upasuaji. Akapima potasiamu, ikatoka kumi na nne. Akainua simu akasema, "Imechanganyika. Rudia," na safari hii alikuwa sawa. Jina lake halikubadilika pia. Kilichobadilika ni kwamba kila Alhamisi, baada ya chai ya saa nne, alipanda ghorofa ya pili dakika kumi, akatazama damu inavyotolewa, akauliza maswali. Nesi mmoja alilalamika kwamba anasimama nyuma ya watu kama kivuli. Sista akamwambia amwache, kivuli hakijawahi kumzuia mtu kazi.

Mwaka na mwezi mmoja baadaye, asubuhi, palikuwa na mwanamke kwenye kiti cha kutolea damu, mtoto mapajani. Alikuwa ametumwa na kliniki kupima sukari yake mwenyewe, kwa kuwa aliyeipata wakati wa mimba huambiwa aiangalie kila mwaka maisha yake yote. Bwana Rudia alimtambua kwa yale macho ya kusahihisha daftari. Alimfunga mpira mkononi, akatafuta mshipa.

"Huyu ndiye yule," mwanamke akasema.

Mtoto alikuwa na mashavu mapana, anatafuna mkanda wa mkoba wa mama yake.

"Anaendeleaje?"

"Anasimama kwa kushika kiti. Mkono wa kushoto hautumii sana, akitaka kitu ananyoosha wa kulia. Daktari anasema tuendelee kumfanyisha mazoezi, tutaona." Alisema kama anayesoma matokeo ya mtu mwingine. "Kuongea ndiyo usiseme. Nyumbani hatupumziki."

Bwana Rudia akamaliza kutoa damu, akaijaza kwenye kichupa cha kijivu, akakigeuza mara kadhaa ili dawa ichanganyike. Akachukua kalamu, akaandika namba ya mama. Halafu akauliza, "Huyu anaitwa nani?"

Mwanamke akamwambia. Mtoto aliposikia jina lake aliuachia mkanda, akageuka kutazama nani anamtaja.

"Majibu ni leo?" mama akauliza.

"Leo. Kaa hapo nje, nusu saa."

Aliipima ndani ya dakika ishirini. Ilikuwa tano nukta nne, hajala tangu usiku. Akaipeleka mwenyewe hadi kwenye benchi la ujiani, akamwonyesha namba, akamweleza kwamba ni nzuri na arudi mwaka ujao, mitihani iwepo isiwepo. Mwalimu akaikunja karatasi mara mbili, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda zake kuwahi kipindi cha pili.